Waya wa Kulia

Nilimwambia Zwelibanzi, jamani, nilimwambia! "Sauti ya bibi ni mono. Maiki moja, mdomo mmoja. Iache katikati."

"Dada Khethiwe, una masikio ya redio mbovu," akanicheka. Akaipeleka kwenye trake ya stereo, yenye pande mbili, kisha mawimbi ya upande wa kulia akayageuza kinyume cha kushoto, eti isikike pana. Kwenye hedifoni, pale studio yetu Umlazi, ilikuwa tamu kweli.

Bibi mwenyewe tulishamzika baada ya kumrekodi. Ni yeye tu aliyezijua sifa zote za kumwitia marehemu mumewe, na mtoto wao Khabazela, tajiri wa magari ya abiria na walinzi wenye bastola, alitaka zisikike siku ya tambiko la kuirudisha roho ya baba nyumbani. Ng'ombe keshachinjwa, pombe ya mtama iko tayari, wazee wamekaa wanasubiri.

Sasa wenye kukodisha hema wakaleta spika moja. Moja! Nyaya zetu, wa kushoto na wa kulia, zote zikaingia humo humo.

Zwelibanzi akabonyeza kompyuta. Gitaa tuliloweka chini ya sauti likalia vizuri. Ikafika zamu ya bibi, kimya. Gitaa linaendelea, bibi hayupo. Pande mbili zinazopingana zilikutana kwenye spika moja, zikafutana.

"Mzee huyu hata alipokuwa hai alikuwa haitiki mara ya kwanza," shangazi mmoja akatania.

"Baba amekataa kuingia," mwingine akanong'ona.

Khabazela akasimama. Mlinzi wake naye akasimama. Fundi aliyemharibia gari mwaka jana, mkewe anamtafuta mpaka leo.

Nikarukia nyaya, nikachomoa wa kulia.

Bibi huyo! Sauti kavu, ya karibu, inamwita mumewe jina baada ya jina. Vigelegele vikapasuka. Khabazela akapiga magoti, akalia mbele ya watu wote.

Sifa zilipoisha akanijia, macho mekundu. "Umefanya nini?"

"Nimechomoa waya tu, Khabazela. Upande mmoja ulikuwa unaufuta mwingine. Ni mambo ya kompyuta."

"Umegusa, baba akaja. Nimeona kwa macho yangu." Akashusha sauti. "Mtu anayeweza kumleta baba yangu ndiye anayeweza kumfukuza. Nani alimfunga kwa uchawi?"

"Hakuna aliyemfunga! Zweli, mwonyeshe. Mwonyeshe ile trake ulivyoigeuza!"

Zwelibanzi alikuwa ameinamia kompyuta muda wote huo, vidole vinakimbia. Akaigeuza skrini kwetu. Sauti ya bibi ilikuwa mono, katikati kabisa, safi, kama nilivyomwomba tangu mwanzo.

"Mbona hapa iko sawa tu, mzee," akasema, bila kuniangalia. "Mimi sijagusa kitu."

Mlinzi akanifungulia mlango wa gari la Khabazela.