Kijiko Kimoja cha Shimo Namba Saba

Usiku wa jana niliota niko Mabirikani, saa sita mchana, na shimo namba saba limekataa kufukiwa.

Mabirikani ni mtaa wa zamani, ng'ambo ya reli. Palikuwa na kiwanda cha ngozi tangu kabla sijazaliwa. Kilipofungwa kiliacha mabirika kumi na mawili ya saruji, na dawa ya kulainishia ngozi iliyobaki humo ikashuka ardhini taratibu bila kumuuliza mtu. Sasa mabirika yamevunjwa, pamemwagwa udongo mwekundu kutoka mlimani, pamekatwa viwanja kumi. Kazi yangu mimi Tumpe ni kupima udongo na kusema kama watu wanaweza kukaa hapo. Nilikwisha sema wanaweza. Ndiyo maana kuota niko pale tena kuliniudhi tangu mwanzo.

"Tulia nikufukie," nikaliambia shimo. "Nina njaa."

"Utanifukia na nini?" likauliza. Lilikuwa na sauti ya karani mwenye mafua.

"Udongo mwekundu, kama wenzako."

"Wenzangu hawanuki."

Nikakubali kwamba hawanuki. Sina tabia ya kubishana na mashimo, hata ndotoni.

Hapo ndoo yangu ya bluu ikakohoa. "Mwambie ulichokifanya," ikasema.

"Mwambie wewe. Si ulikuwepo?"

"Mimi ni ndoo," ikasema ndoo.

Basi nikaeleza. Ukichimba mashimo kumi, si lazima upeleke chupa kumi maabara. Unachota kijiko kimoja kutoka kila shimo, unatia vyote kwenye ndoo, unakoroga mpaka rangi iwe moja, unapeleka chupa moja. Inaruhusiwa, mradi mashimo yote yafanane. Namba saba halikufanana. Udongo wake ulikuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, na ulinichoma puani nilipouinamia. Niliuona vizuri kabisa. Lakini jua lilikuwa la utosi, dereva alikuwa anapiga honi, na Bwana Mkumbwa, mkuu wangu, alisema, "Koroga tu, Tumpe, kitapotea humo." Nikakoroga. Kikapotea. Majibu yakarudi safi, nikasaini.

"Sijapotea," likasema shimo. "Nipo hapa hapa, kiwanja namba saba. Na nimeshapata wa kukaa naye."

Nilimjua. Kiwanja namba saba kilimwangukia Mwajabu siku ya kura. Mwajabu ndiye anayetupikia wali na maharage pale kazini. Ana mimba ya miezi sita, na siku ile alirukaruka kwa furaha mpaka nikamshika mkono asije akaanguka. Amepanga vyumba vya watu tangu aolewe. Nilimpongeza, nikala na wali wake wa bure.

Mara ofisi yetu ikaja. Sisemi nilikwenda ofisini. Ofisi ilikuja yenyewe, na mafaili yake na feni yake mbovu, ikatua katikati ya viwanja. Bwana Mkumbwa yuko nyuma ya meza, amefunga tai, na miguu yake imezama ardhini.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

"Miguu yako iko wapi?"

"Haipo," anasema. "Kanuni inatutaka tupime kina cha nusu mita. Kilicho chini ya nusu mita hakipo." Anainua paja moja anionyeshe. Linaishia gotini, limekatika vizuri, halina hata damu.

"Huumwi?"

"Naumwa sana. Lakini maumivu yenyewe yako chini ya nusu mita."

Anafungua faili. Anasema kuna malalamiko, kwamba kiwanja namba saba kuna mtu ataugua, tena vibaya. Anasema tusibabaike, tufuate utaratibu tulioufuata kwenye udongo. Ananipa mwiko mrefu kama mti wa bendera, na ninapogeuka naikuta ndoo yangu imekuwa kubwa kama tangi la maji la shule.

Watu wa viwanja vyote kumi wanakuja kwa foleni, na magodoro yao, na majiko yao. Hakuna anayesukuma. Wanapanda ngazi na kujitumbukiza mmoja mmoja, wakiombana radhi kwa kukanyagana. Mwajabu anafika kwangu anatweta.

"Dada Tumpe, niingie na viatu?"

"Vua."

Anavua, anavipanga pembeni vizuri, anaingia. Nakoroga.

Niseme ukweli, nilikoroga kwa bidii. Nilitaka yule aliyekuwa augue vibaya asiugue. Ndani ya ndoo hawakupiga kelele. Nilisikia wakijuliana hali na kuulizana habari za nyumbani, kisha sauti zao zikaanza kufanana, kisha ikabaki sauti moja inayosema nzuri, nzuri, nzuri.

Walipotoka, kila mmoja alikuwa amepewa sehemu moja katika kumi. Mmoja ana kikohozi kidogo. Mwingine ana kidonda sikioni. Baba wa kiwanja namba mbili damu inamtoka pua moja tu. Mwajabu naye ana kipele mkononi, basi. Bwana Mkumbwa akawapima wote kwa macho, akachukua muhuri na kuwagonga kwenye paji la uso.

"Unaona?" akaniambia. "Hapa hakuna mgonjwa. Wote wako ndani ya kiwango."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilifurahi kabisa, na leo nalisema hilo kwa aibu.

Ndipo nikasikia mtu anagonga. Nikatazama mlango wa ofisi, hakuna mtu. Sauti ilikuwa inatoka tumboni mwa Mwajabu.

"Karibu," nikasema.

"Nikaribie wapi, nami niko ndani?" ikasema sauti. "Nimegonga ili mjue. Mimi sikuchanganywa. Nilikuwa nimefunikwa."

Bwana Mkumbwa akapekua orodha. "Huyu hana kiwanja," akasema. "Hajazaliwa. Hatuwezi kumpima."

"Kiwanja naletewa," ikasema sauti. "Kila asubuhi, kabla mama hajawasha jiko. Baba ameanza kuchimba msingi. Mama anashuka mtaroni, anabandua ukutani, pale chini. Ule mwekundu wa juu anauacha, anasema hauna ladha. Anaupenda ule mchachu."

Wajawazito wa kwetu wanakula udongo, nani asiyejua? Unauzwa sokoni umekatwa vipande kama sabuni. Nilipokuwa na mimba ya kwanza sikulala bila kuutafuna, na sikuwahi kumuuliza muuzaji umechimbwa wapi. Katika miaka kumi na minne ya kupima ardhi nimeandika watu watajenga, watalima, watachimba visima. Sijawahi kuandika kwamba kuna mtu ataila.

Nikamgeukia Mwajabu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, na taya zake zinakwenda.

"Mwajabu, nani alikwambia udongo ule unalika?"

Akameza kwanza. "Si wewe, dada? Ulisaini kwamba ni safi. Nikaona nisihangaike kwenda sokoni."

"Mama mdogo," mtoto akaniita kutoka tumboni, kwa adabu. "Nikoroge na mimi."

Natafuta ndoo. Ndoo imesinyaa, imekuwa kichupa kile cha maabara, hakiingii hata kidole. Namwambia haiwezekani, yeye yuko peke yake na kuchanganya kunataka watu kumi.

"Sehemu yangu moja nitaichukua," akasema. "Hizo tisa atachukua nani?"

Watu wa viwanja wakaanza kukusanya magodoro yao. Bwana Mkumbwa akainama kutafuta miguu yake chini ya meza. Mtoto akauliza tena, na safari hii aliniuliza mimi, kwa jina. Nilisimama pale na mwiko wangu mkononi. Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, saa kumi na mbili na nusu. Nikajiambia ni uchovu. Mwajabu sijawahi kumwona akila udongo, wala hajawahi kunigusia jambo hilo. Nikanawa uso. Nikakaa kitandani. Kisha nikachukua simu, nikijua nitaonekana mwendawazimu.

Alipokea upesi. Kwa saa ile angekuwa jikoni, lakini sikusikia sufuria. Nilisikia upepo, na treni ya mizigo ikipita karibu naye.

"Shikamoo, dada," akasema, kama mtu mwenye kitu mdomoni.

"Marahaba. Mwajabu, usimeze. Huo udongo wa kwenye msingi, utoe mdomoni sasa hivi."

Treni ikapita mpaka ikaisha. Kisha nikamsikia akitema, mara moja, mara ya pili.

"Dada Tumpe," akasema kwa sauti ya chini, "nani kakwambia? Hata mume wangu hajui."