Meno Meupe ya Mama

Miaka minne, kila asubuhi, mama alinishika kidevu akanisugua fizi kwa chumvi na majivu mpaka niteme damu. Kisha ananionyesha meno yake meupe. "Tazama yangu, Apendi. Ni uchafu yako inakunukisha." Nikamwamini. Nilipofika miaka kumi na tisa, meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na sokoni Busia nilikuwa nauza nguo nimefumba mdomo kama bubu.

Ndipo nikajiunga na utafiti wa vijana wenye ugonjwa wa fizi, kwenye kliniki moja Tororo. Wakanitoa damu. Wiki tatu baadaye daktari Mable akaniita. Akasema si uchafu. Chembe nyeupe za damu yangu, ambazo kazi yao ni kupigana na vijidudu, zinapigana kupita kiasi, zinabomoa fizi na mfupa wangu mwenyewe.

"Huu ugonjwa hutembea katika familia," akasema. "Nani kwenu alipoteza meno akiwa kijana?"

"Hakuna. Mama yangu anayo yote."

"Una mdogo wako?"

"Babra. Ana miaka kumi na minne."

"Mlete haraka. Ya kwake huenda tukayaokoa."

Nikapanda boda hadi kwetu Buteba. Mama alikuwa anachambua mboga. Nilimweleza yote. Alitia vidole mdomoni, akachomoa meno manne ya bandia, akayaweka kwenye ungo.

"Yangu yalitoka nikiwa na miaka kumi na nane," akasema. "Nilifikiri ni uchafu yangu. Sikutaka ukuwe kama mimi."

"Meno ya kununua, mama. Ndiyo ulikuwa unanitambia nayo."

"Baba yako hajui. Babra usimpeleke. Watauliza juu yangu."

Nilikuwa sijawahi kumpandishia mama sauti, lakini siku ile majirani walinisikia. Nilimwambia mama kwamba Babra ataenda kesho, na yeye mama pia ataenda, na atasema kwa mdomo wake.

Mama alienda. Daktari alipouliza swali lile lile, mama aliyachomoa meno mbele ya Babra, akasema kila kitu. Babra akapimwa. Jino moja lilikuwa limeanza kulegea, na daktari akasema wamewahi, litapona.

Mama alilia, akamshukuru Mungu, akaninyooshea mkono. Nikautazama. Ulikuwa mkono ule ule ulionishika kidevu. Sikuupokea.