Kibati Namba Kumi na Nne

Kibati kilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu tangu Jumatano, na kila nilipoketi kilinichoma paja. Ningeweza kukiacha nyumbani, lakini nyumbani kuna mama, na mama hufua nguo bila kuuliza na hupekua kila mfuko kabla ya kufua. Basi nikatembea nacho. Nilikwenda nacho dukani, nikalala nacho chini ya mto, nikaandika nacho wasifu wa watu watatu waliotutoka mwaka huu.

Mtaa wetu una nyumba ishirini na sita, zote zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa kilichoko mwisho wa barabara. Kiwanda bado kipo, ingawa siku hizi kinapumua kwa shida. Kila mwaka, Jumamosi moja, tunakusanyika ukumbini kuwakumbuka waliokufa. Mwandishi wa chama cha mtaa huwazungukia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, akauliza, akaandika ukurasa mmoja kwa kila marehemu, kisha akausoma mbele ya watu. Familia hairuhusiwi kuuona kabla. Sheria hiyo ililetwa na mkunga wetu, baada ya mlevi mmoja aliyekuwa akilala mtaroni kusomewa, kwa matakwa ya ndugu zake, kwamba alikuwa mpenda mazungumzo ya jioni. Ukurasa ukiisha kusomwa, mwenyekiti huuliza, "Ndiye?" Ukumbi ukijibu "Ndiye," ukurasa unabandikwa kwenye daftari la mtaa. Ukumbi ukinyamaza, ukurasa unachanwa, na marehemu anaingia daftarini kwa jina tu, lile watu walilozoea kumwita.

Mwandishi ni mimi. Mwenyekiti alikuwa mama yangu.

Mwaka huu mkunga mwenyewe alikuwa mmoja wa marehemu. Wa pili alikuwa fundi viatu. Wa tatu alikuwa Mlango.

Utotoni nilidhani Mlango ni jina alilopewa na wazazi wake. Baadaye nikaijua habari yake kama kila mtu alivyoijua. Miaka ishirini na mbili nyuma, Jumapili moja, mlango wa chumba cha baridi uliachwa wazi pale kiwandani, na kulipokucha matangi mawili ya maziwa yalikuwa yamechacha. Mnunuzi mkubwa akaondoka. Watu kumi na mmoja wakapoteza kazi. Zamu ya kufunga ilikuwa yake. Alipoulizwa alijibu kwamba kama zamu ni yake basi ni yeye, na hakuongeza neno. Nyapara akamhamishia kwenye kuosha madebe, na ni nyapara huyohuyo aliyembandika jina. Likamganda. Mke wake akawa Mama Mlango, watoto wake watoto wa Mlango. Akiingia mkutanoni lazima mtu aseme, "Aliyeingia mwisho afunge," watu wanacheka, naye anacheka, anarudi kufunga. Hata siku ya maziko yake nyapara aliniinamia akaninong'oneza kwamba leo angalau mlango umefungwa. Nilicheka. Ninalisema hilo mapema ili nisije nikaonekana mtakatifu.

Mama yangu peke yake ndiye ambaye hakuwahi kumwita Mlango. Alimwita Kaka, ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Kwa hiyo kwangu mimi alikuwa mjomba, nami nilimwita Mlango kama wengine. Niliona mama anajitia adabu tu.

Jumatano ile nilikwenda kwa mjane wake na daftari langu. Nilimkuta anakunja mashati ya marehemu, moja moja, anayapanga kitandani kana kwamba kuna safari. Alinijibu yote niliyouliza. Mumewe alipenda kukaa dirishani. Hakujua kuimba lakini aliimba. Hakulala kabla ya kukagua komeo la mlango wa mbele, la mlango wa nyuma, na la banda la kuku, na wakati mwingine aliamka kukagua tena. Niliandika hayo ya komeo kwa furaha, maana nilijua ukumbi utacheka.

Kisha akaleta kopo la vifungo, akakoroga kwa kidole mpaka chini, akatoa kipande cha bati cha mviringo chenye tundu juu na namba iliyogongwa kwa patasi.

Nilivijua vibati vile. Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na chake. Ukiingia chumba cha baridi unakitundika kwenye msumari nje, ukitoka unakichukua, ili wenzako wajue kama kuna mtu ndani wasije wakamfungia.

"Yeye alifunga saa nane mchana akaja nyumbani," alisema. "Asubuhi yake alifika wa kwanza. Akakuta mlango wazi na hiki kinaning'inia. Akakitia mfukoni kabla nyapara hajafika."

Namba kumi na nne. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Maisha yangu yote nimekunywa chai kwenye kikombe cha bati chenye kumi na nne chini yake. Buti za mama zina kumi na nne, koti lake la kazi lina kumi na nne begani. Mama alikuwa mpima maziwa, na mpima maziwa alikuwa na ufunguo wa pili, kwa sababu sampuli ya jioni huchukuliwa wenzake wakiwa wameshaondoka.

Nilimuuliza kwa nini mumewe alinyamaza. Aliendelea kukunja shati.

"Alisema baba yako ana miezi miwili kaburini, wewe una mwaka mmoja, tena una homa. Mwanamke yule akifukuzwa atakwenda wapi? Akasema yeye ana mke mwenye mikono miwili." Akaitazama mikono yenyewe. "Mikono yenyewe hakuiuliza."

"Sasa unanipa mimi nifanye nini, mama?"

"Wewe si unaandika? Andika unachotaka, mwanangu. Mimi nimechoka kuwa Mama Mlango, basi."

Alhamisi niliandika ukurasa. Nikauchana. Nikaandika mwingine uliosema kwamba alikuwa mtu mwema, mpole, mchapakazi, aliyependa majirani. Niliusoma nikaona unamfaa mtu yeyote, hata mbuzi. Nikaandika wa tatu, wa kweli, na huo sikuuchana, ila niliuficha kwenye bahasha chini ya kurasa nyingine kama mwizi. Mama alipoita jina langu kutoka jikoni nilishtuka nikaangusha kalamu.

Ijumaa jioni nilishindwa. Mama alikuwa anakunywa chai. Nilikiweka kibati mezani, kando ya kikombe chake, namba juu, nikasema kimetoka kwenye kopo la vifungo la mjane.

Hakushtuka. Alikifunika kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunika mdudu asiruke.

"Nilikitafuta," alisema. "Asubuhi ile nilikimbilia pale msumarini, sikukiona. Miaka ishirini na mbili sijui nani anacho. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi nasema ni huyu. Akininunia, nasema ni huyu. Kumbe alikuwa nacho yeye."

"Lakini ulijua si yeye aliyeacha wazi."

"Nilijua."

Kisha akanisimulia. Alikuwa ndani ya chumba cha baridi na chupa zake za sampuli, jirani akaja mbio akipiga kelele kwamba mtoto anatetemeka, macho yamegeuka. Alitoka kama alivyo. Chupa aliziangusha njiani. Hakumbuki mlango, hakumbuki msumari, anakumbuka tu kiatu kimoja kilimvuka naye hakurudi kukichukua.

"Nilikukimbilia wewe," alisema. "Ulitaka nigeuke nifunge?"

"Nilitaka ugeuke kesho yake, mama."

Kiganja hakukiondoa. Halafu akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba kiti, kwamba niandike Kaka alikuwa mtu mwema, inatosha, kila mtu atasema ndiye. Wanaojua sasa wamebaki wanawake wawili wazee tu. Yeye amebakiza miaka mingapi? Nimwache afe na jina lake.

Sikumjibu ndiyo, sikumjibu siyo. Aliuchukulia ukimya wangu kuwa ndiyo. Akanirudishia kibati mkononi kama mtu anayekabidhi takataka ikatupwe, akanipakulia chakula, akaniwekea kipande changu cha nyama na kipande chake. Nilikula.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa tisa. Ni banda la zamani la kufungashia, bado lina harufu ya maziwa yaliyolala, hasa likipigwa jua. Nyapara alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Mjane alikaa karibu na dirisha. Mama alikaa meza kuu, kilemba kipya, mikono imefumbatana. Nilikuwa na kurasa nne kwa marehemu watatu.

Nilimsoma mkunga kwanza. Nilisema alimzaba kofi kila mtoto wa mtaa huu ili alie, na akiisha humgeukia baba aliyesimama mlangoni kwa mashaka, akamzaba na yeye ili anyamaze. Ukumbi ulicheka. "Ndiye?" mama akauliza. "Ndiye," wakaitika, hata wale wanaume waliozabwa.

Nikamsoma fundi viatu, aliyemjua mtu kwa kisigino, aliyekataa kukurudishia kiatu mpaka akueleze unavyotembea vibaya na mama yako alivyotembea vibaya kabla yako. "Ndiye?" "Ndiye."

Kisha nikatazama chini. Ukurasa wa mtu mwema ulikuwa juu. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Afunge, afunge," na kicheko kidogo kikapita kama panya chini ya viti. Mjane hakugeuka. Aliutazama mlango wa ukumbi, uliokuwa wazi kwa ajili ya joto.

Niliutoa ukurasa wa chini.

Nilianza na jina lake kamili, la wazazi wake, na watu wakatazamana maana wengi hawakulijua. Nikasoma kuhusu dirisha, kuhusu nyimbo, kuhusu komeo. Hapakuwa na aliyecheka, nadhani sauti yangu ilishawatia wasiwasi. Halafu nikasoma hivi:

"Alifunga mlango wa chumba cha baridi kila siku ya zamu yake, na Jumapili ile aliufunga. Aliyeuacha wazi ni mpima maziwa, aliyekuwa akimkimbilia mtoto wake mgonjwa. Marehemu alikuta kibati cha mpima huyo msumarini akakificha, akabeba lawama na jina mpaka kaburini. Mtoto yule ni mimi."

Nikaweka kibati mezani. Kilizunguka kidogo kabla ya kutulia, na kila mtu alikisikia.

Shingo zote ziligeukia meza kuu, kisha zikaona aibu zikageuka. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Mama asipouliza, hakuna wa kujibu. Ukurasa utachanwa, na mtu yule ataingia daftarini kama Mlango, na watoto wa watoto wetu watamsoma Mlango. Mkono wa mama ulikuwa juu ya meza, ukitafuta kitu cha kushika. Mjane sasa alikuwa anamtazama yeye, si kwa hasira, anamtazama tu kama unavyomtazama mtu aliyechelewa.

Mama akasimama. Kilemba kilikuwa kimelegea, hakukirekebisha.

"Ndiye?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Nyapara aliinamia viatu vyake. Nilianza kuhesabu pumzi zangu, nikafika tisa, nikapoteza hesabu.

"Ndiye," mama akasema mwenyewe.

Mjane akaitika baada yake. Kisha sauti moja ya nyuma, kisha mbili, kisha zikaja ovyo ovyo, kila moja kwa wakati wake, kama watu wanaotoka usingizini. Nyapara hakuitika. Haikuhitajika. Ukurasa ulibandikwa palepale, kwa gundi yangu, na kibati kikabandikwa chini yake.

Jumatatu nyapara alikuja nyumbani na wazee wawili wa kamati. Walikunywa chai yetu. Walisema mama ameachia uenyekiti kwa sababu yangu, kwamba mtoto hamvui nguo mzazi wake mbele ya watu, kwamba mimi na stashahada yangu tumezidi, na kwamba nikiomba radhi hapohapo mbele yao jambo litakwisha. Nyapara alisema hayo kwa uchungu mkubwa, yeye aliyemtungia mwenzake jina akalila miaka ishirini na mbili kama karanga.

Hao hawanisumbui. Aliyenisumbua ni mama. Alingoja waondoke, akaosha vikombe vyao, akakifuta cha kwake chenye namba chini, akanigeukia.

"Sikulaumu kwa ulichosoma," alisema. "Ila ulikaa hapa ukala chakula changu na kipande changu juu yake, ukaniacha nikalala nikiamini. Niombe radhi kwa hilo tu, mwanangu. Kwa kunyamaza."

Nimelifikiria usiku na mchana. Ningemwambia nitausoma ule wa kweli, angenisihi, na ningekubali, najijua. Nilinyamaza kwa sababu hiyo. Kuna radhi niliyoiomba wiki hii, nayo nilimwomba mjane, kwa kile kicheko cha siku ya maziko. Alinipokea, akanipa shati moja la marehemu nimpelekee mama, wala hakusema la nini.

Mama bado ananingoja. Kila asubuhi anaweka kikombe mezani, anakaa, ananitazama.

Siombi radhi.