Punje Moja ya Hindi

Watu bwana, usiwaone hivi! Asubuhi ile Mhina aliingia ukumbini Handeni na koti jipya la kaki, alilolishonesha Korogwe kwa ajili ya safari ya Dar es Salaam. Mwaka ule wa sabini TANU iliitisha mkutano mkuu wa kumteua mgombea urais, na wajumbe wa matawi ya kwetu walikutana kumchagua mmoja wa kwenda. Nani mwingine kama si Mhina? Enzi za mkoloni ndiye aliyeficha kadi za chama chini ya kikapu cha mihogo, akazigawa kijiji kwa kijiji.

Safari hiyo aliitaka kwa roho yote. Aliwaambia wenzake waziwazi kwamba akishanyoosha mkono kumpitisha rais, ataomba nafasi aseme: sisi tumehamishiwa kijiji kipya kisicho na maji, wake zetu wanashinda njiani na ndoo kichwani. Wajumbe wote wakamwunga mkono. Muhidini, mkwewe, mume wa binti yake Chausiku, aliapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Baba, nisipokuchagua wewe nimchague nani?"

Aliyeshindana naye alikuwa Lekakeny, mfugaji wa huko mbugani, kijana mpole asiye na maneno mengi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kura zilipigwa kwa mbegu. Kila mjumbe alipewa punje ya hindi na punje ya kunde. Hindi ni Mhina, kunde ni Lekakeny. Unaingia nyuma ya kitenge kilichotundikwa, unatumbukiza moja chunguni, nyingine unaondoka nayo umeificha.

Zamu ya Mhina ilipofika, akatumbukiza kunde. Ndiyo, kunde! Alilelewa kwamba mtu hajipakulii kabla ya wenzake, na kujichagua mwenyewe aliona ni ulafi. Tena ahangaike ya nini, naye ana watu wake?

Mwenyekiti akamimina chungu mezani. Kunde, kunde, kunde tupu. Katikati yake punje moja ya hindi.

Koti likambana Mhina kifuani. Kumbe jana yake bwana mmoja wa ofisi ya wilaya alikuwa amewapitia wajumbe akinong'ona kwamba mjumbe mwenye maswali atawaponza wote. Na hakuna aliyemwambia mzee. Hata mmoja!

Nje wakaanza kumjia. "Pole, mzee. Ile moja ni yangu." Akaja mwingine: "Mzee, ile moja ni yangu." Na wa tatu vilevile. Punje moja, baba watatu! Mhina aliitikia pole zao, asimwamini hata mmoja. Lakini Muhidini alipomshika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema, "Baba, ile ilikuwa yangu," mzee alimwamini. Alimshukuru hata sauti ikamkatika. Angalau nyumbani kwa binti yake alikuwa na mtu.

Muhidini alikuwa akiigeuza baiskeli ampakie, ndipo Lekakeny alipofika, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Usinichukie. Mimi nilikuchagua wewe. Mtu atajichaguaje mwenyewe?" Akafungua kiganja. Punje yake ya kunde ilikuwa bado imo, imelowa jasho.

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Mhina akageuka polepole.

"Muhidini, mwanangu. Nionyeshe kunde yako."

Muhidini akatia mkono mfukoni. Mkono ukabaki humo humo.

Mzee alivua koti, akamvika Lekakeny juu ya lubega yake, akamfunga vifungo mwenyewe. "Ukifika huko, usisahau maji."

"Hata ng'ombe wangu wana kiu, mzee. Nitasema."

"Panda, baba, twende," Muhidini akasema, macho ameyaelekeza chini kwenye gurudumu.

"Tangulia," Mhina akamjibu. "Mwambie Chausiku baba yake anakuja kwa miguu. Akikuuliza kwa nini, umwambie wewe mwenyewe."