Pingamizi la Mtani

Aliyeandika ni Asteria, na Asteria hana kosa. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu kijijini kwetu mtendaji hulaumiwa kwa kila kitu, hata mvua ikikawia. Binti wa watu katoka Njombe, ana miezi minne tu hapa, anaandika haraka na kwa mwandiko mzuri. Alichosikia ndicho alichoandika. Aliyesema ni mimi.

Mkutano mkuu wa kijiji siku ile ulikuwa na ajenda moja: shamba la Gertruda. Liko kando ya njia ya Kaole, ekari kumi na mbili za minazi iliyopandwa kwa mistari, na kisima cha mawe ya matumbawe, na tanuri la chokaa lililobomoka upande mmoja. Lilianzishwa na Fransisko, babu mzaa babu yake. Fransisko alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa misheni, akaoa Mkwere, akapewa pori alifyeke. Upande huu wetu wote, hilo ndilo shamba la kwanza kumilikiwa na mtu aliyewahi kuuzwa yeye mwenyewe.

Watu wa mambo ya kale walikuja mara mbili, wakapima, wakapiga picha, wakasema linafaa kutangazwa urithi wa taifa, ila kwanza halmashauri iliunge mkono. Halmashauri ikasema kata ianze. Kata ikasema kijiji kianze. Ndiyo tukajikuta kwenye madawati ya darasa la tano, magoti yanagusa videvu, tunaunga mkono.

Gertruda alikuwa na haraka. Ana miaka sabini na mmoja na moyo wake unamsumbua. Mtoto wa marehemu kaka yake, Cosmas, alishaleta watu wa viwanja kutoka Mapinga, wakatembea shambani na kamba zao za kupimia bila hata kupiga hodi. "Nikifumba macho tu," aliniambia, "kabla sijapoa watakuwa wameshasimika bikoni za mipaka. Likiwa la taifa hawaligusi." Hakutaka kingine. Minazi ibaki kwenye mistari yake, basi.

Sasa, mimi na Gertruda ni watani. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, alishuka na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kwao hakurudi tena. Gertruda ni Mkwere, na makabila yetu hutaniana tangu enzi za misafara. Miaka arobaini hatujasalimiana kama watu. Akipita kwangu huchota sukari kwenye kopo, akaondoka nayo huku akinitukana kwamba haina utamu. Mwanangu wa kwanza alipofariki, yeye ndiye aliyevaa shati la marehemu, akatembea uani kwa mwendo wa mwanangu ule wa kutupa bega, akauliza kwa sauti yake mbona wali umechelewa. Nikacheka, na mwanangu yumo ndani hajazikwa. Sijui siku ile ningeinukaje bila yeye.

Kwa hiyo mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama.

"Mimi napinga," nikasema. "Shamba hili ni letu. Babu yangu alipopita hapa alimwambia Fransisko, nishikie pori langu, naenda kunywa maji. Karudi kakuta mtu keshapanda minazi. Mnataka kutangaza mali ya wizi?"

Darasa likalipuka kwa vicheko. Gertruda akainuka na fimbo yake.

"Babu yako huyo alibeba pembe mpaka akili ikamtokea kisogoni! Shamba angelijulia wapi? Hata njia ya kurudi kwao aliisahau!"

"Ndiyo maana nimebaki mimi kulinda mali."

"Kaa chini, punda wa msafara!"

Nikakaa. Tukanyoosha mikono kukubali, wa kwangu ukiwa wa mbele kabisa. Kisha tukapanga mstari kutia saini muhtasari. Nani anasoma muhtasari saa saba mchana, na njaa imeuma? Nilitia saini yangu huku nikimsifu Asteria kwa mwandiko, nikimwambia huo ni wa kuandikia barua za posa.

Mwezi haukuisha, nikaitwa halmashauri. Ofisa ardhi, kijana mpole aitwaye Najim, akaniamkia vizuri, akaniketisha, akanigeuzia faili.

"Ndugu Majaliwa alipinga," nikasoma, "akidai kuwa eneo ni mali ya ukoo wake, lililoachwa chini ya uangalizi wa Fransisko na halikurejeshwa. Bi Gertruda alikiri kuwa babu wa mdai alifika eneo hilo, ila akadai kuwa alisahau." Chini yake saini yangu, nzuri, imenyooka.

Nikacheka. Nikacheka peke yangu mpaka nikachoka.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani."

"Najua, mzee. Mimi mwenyewe wa hapa hapa. Lakini faili halijui. Eneo likiandikwa lina mgogoro, madiwani hawaligusi."

"Futa."

"Nitafutaje muhtasari uliosainiwa na watu mia na nane?"

"Basi andika kwamba naondoa pingamizi langu."

Akachukua kalamu. "Sababu?"

"Nilikuwa natania."

Akaiweka kalamu chini taratibu. "Mzee wangu, nikiandika hivyo, akija mkaguzi atauliza nani kamtisha huyu mzee. Mtu anayeacha madai yake mikono mitupu huonekana kalazimishwa. Yalishatukuta. Njia iliyopo ni maridhiano. Upate chochote katika lile eneo, mtie saini wote wawili, mgogoro uishe."

"Madiwani wanakaa lini?"

"Alhamisi ijayo. Ikitupita, mpaka baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu ni mingi kwa moyo kama wa Gertruda.

Nilipitia kwa Asteria. Alisoma uso wangu kabla sijafungua mdomo, machozi yakamlengalenga. "Utani hata kwetu upo, baba. Lakini nani anatania kwenye mkutano mkuu? Semina walituambia, pingamizi lolote liandikwe." Nikamwambia asijali. Ningesema nini? Alikuwa mtu pekee mle darasani aliyenichukulia kama mtu mzima.

Gertruda nilimkuta anachambua mchicha. Nikamweleza yote, nikipachika mzaha hapa na pale. Hakuupokea hata mmoja.

"Kwa hiyo nikupe nini?" akauliza.

"Nipe mavi ya mbuzi, tuandike kwamba nimeridhika."

"Nimekuuliza, Majaliwa. Nikupe nini?"

Miaka arobaini sikuwahi kumsikia akitamka jina langu. "Chochote," nikasema. Akaendelea na mchicha wake, kisha akasema mstari wa mwisho, ule wa upande wa barabara, minazi kumi na minne.

Tulisaini ofisi ya kata. Najim aliandaa karatasi, na safari hii Asteria aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili alipofika katikati, Gertruda akainua mkono.

"Hapo rudia."

"Bi Gertruda anakiri kuwa ukoo wa Ndugu Majaliwa ulikuwa na haki katika eneo hilo."

"Hiyo sentensi lazima iwepo?"

Najim akatazama meza. "Bila hiyo, mama, itaonekana unampa kwa sababu gani?"

Fransisko alipewa jina na watu wengine, na dini na watu wengine. Lile shamba ndilo alilolifyeka kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kusema lina wenyewe wawili. Nilitaka kusimama niseme uongo mwingine wowote, lakini mdomo wangu ndio uliotufikisha pale. Gertruda alishika kalamu muda mrefu. Alisaini herufi moja moja, kama anayechonga.

Alhamisi madiwani walipitisha. Tulikaa nyuma ya ukumbi, yeye kiti cha kule, mimi cha huku. Walisema maneno mazuri juu ya historia, na watalii, na barabara itakayochongwa. Mmoja akasifu jinsi mgogoro ulivyomalizwa kwa amani, akataka vijiji vingine viige. Mikono yote ikanyooka. Barua ya kuunga mkono ikasainiwa siku ile ile, na Cosmas, niliyemwona mlangoni na miwani yake ya jua, akaondoka bila kumuaga shangazi yake. Kitu alichokuwa akikihofia Gertruda kikawa kimepita.

Nilimjaribu Najim pale pale nje. Je, sasa naweza kumrudishia ule mstari? Akanishika bega. "Mzee, ukirudisha tunafungua faili upya."

Kesho yake nikaenda shambani. Nikapaza sauti tangu njiani, kama siku zote.

"Wee Mkwere! Mwenye mali nimekuja kukagua! Ondoa mbuzi wako kwenye minazi ya wenyewe!"

Gertruda alikuwa kibarazani. Akaingia ndani. Nikangoja fimbo, au maji machafu, na nikajikuta nafurahi mapema. Akatoka na kiti cha sebuleni, kile chenye mto, akakifuta kwa khanga yake, akakiweka kivulini.

"Karibu, Bwana Majaliwa. Habari za nyumbani?"

"Gertruda."

"Keti, usisimame. Chai ipo. Sijui unatumia sukari?"

Nikasema natumia. Akaniletea kikombe kwenye kisahani, akaketi mbele yangu, mikono mapajani, akaniuliza hali ya mke wangu, na ya watoto, na ya mguu wangu unaouma. Nami nikamjibu kimoja kimoja, wazima, wazima, unaendelea vizuri, nashukuru, mpaka chai ikaisha.