Mjane wa Jukwaani

Tuseme ukweli: ubunge ule wakili alipewa na dada yake. Yule wakili, mdogo wake wa tumbo moja, alimtetea mahakamani shemeji zake walipomfungia nyumba hata kaburi la mumewe halijakauka. Dada na mdogo wake wakashindwa. Jaji alisema sheria iko upande wa ndugu wa marehemu, na asiyeipenda akaibadilishe bungeni.

Basi wakili akaomba kura. Kila mkutano alimpandisha dada yake jukwaani asimulie alivyotupiwa vyombo nje, na watu wazima wakafuta machozi. Dada aliona aibu, tena sana, lakini angefanyaje? Nyumba aliijenga yeye na mumewe. Mdogo wake akabandikwa jina, Wakili wa Wajane, akapita kwa kishindo.

Muhula wa kwanza ukaisha dada mtu bado anaishi chumba cha uani kwa mheshimiwa, nyuma ya tangi la maji. Akapanda tena jukwaani. Muhula wa pili, afadhali, muswada wa kubadili sheria ile ukafika bungeni.

Siku hiyo alivaa gauni lake la maana, akakaa roshani ya wageni, ambako hata ukikohoa unakodolewa macho. Mdogo wake akasimama, akaweka tai sawa.

"Mheshimiwa Spika, jambo hili ni nyeti. Naomba muswada urudishwe kwenye kamati, utafiti zaidi ufanyike."

Spika akauliza wanaoafiki. Ndiyo zikavuma ukumbi mzima. Hivyo tu, jamani, kama watu wanaoahirisha chai.

Dada akamngoja koridoni. "Mdogo wangu, wamekutisha?"

"Nani anitishe, Dada? Si umesikia, hoja ni yangu mwenyewe."

"Na nyumba yangu?"

Akamshika bega, akateremsha sauti kama alivyozoea kwa wateja wazito wa kuelewa. "Uchaguzi ni mwakani. Muswada ukipita leo, mimi nitawaahidi nini watu? Na wewe utapanda jukwaani kusimulia nini?"

Dada ndiye aliyembeba huyu mgongoni, akamlisha, akaacha shule ili yeye asome hiyo sheria! Alitaka kumwambia hayo yote, ila mbunge mwingine alikuwa anakuja, na mdogo wake ameshamvuta mbele, uso umechanua.

"Mheshimiwa, huyu ndiye yule mjane wangu," akasema.

Hakutaja kwamba ni dada yake. Mbunge yule akanyoosha mkono, akampa pole.