Kengele ya Paloma

Teyo Arce alirudia kukaza mkanda wa nyumbu wa mwisho, kwa kuwa mkanda huo ulikuwa umefungwa na Melkiades.

"Mzigo ulioufunga wewe hufika bondeni kabla ya nyumbu," alisema.

"Miaka kumi na mitano unanitukana, mzee, na bado sijajifunza."

Melkiades alikuwa mlinzi wa hifadhi, bunduki begani. Siku nyingine angecheka. Leo alitazama pembeni, alipokuwa Paloma.

Paloma alikuwa farasi jike, mweupe zamani, sasa rangi ya majivu, mguu wa nyuma umevimba. Hakubeba kitu ila kengele ya shaba shingoni. Nyumbu wote wanne waliifuata kengele hiyo. Bila hiyo kila mmoja angeshika njia yake katikati ya misonobari. Chayo, marehemu mke wa Teyo, ndiye aliyemvalisha Paloma kengele hiyo.

Amri ilitoka kwa mkuu wa hifadhi. Jumamosi wakubwa wanakuja kutoka mji mkuu kuona kondori, wale ndege wenye mabawa mapana kuliko mlango wa kanisa, na kondori hawatui pasipo mzoga. Farasi kilema yupo, apigwe risasi kule juu. Ukikataa, Teyo, kibali chako cha kuongoza wageni kinaisha Jumapili. Aliambiwa hivyo akiwa amesimama, maana kiti cha wageni kilikuwa kimewekewa mafaili.

Hakusema kitu. Hata msimu ule wa theluji, Chayo akitapika damu ndani ya gari la kuazima, na mkuu huyo huyo amefunga lango la barabara na kwenda semina na ufunguo mfukoni, Teyo hakusema kitu. Alikaa naye garini mpaka mkono wa mkewe ukapoa. Tangu hapo mambo yalimpita kama yanayompata mtu mwingine.

Walipanda asubuhi nzima. Mgeni alikuwa mmoja, mwalimu Ximena kutoka Mexicali, darubini kifuani.

"Mzee, huyu farasi mbona habebi chochote? Ana cheo?"

"Ndiye bosi wao."

"Bosi asiyebeba kitu! Kama wa shuleni kwetu."

"Huyu hutangulia njia mbaya," Teyo alisema. "Wa kwenu hutangulia?"

Ximena alicheka mpaka kondoo mwitu wakatimka kwenye majabali, pembe zao zimejiviringa, mawe yakiporomoka nyuma yao. Teyo alikuwa amewaona zamani. Hakuona sababu ya kusema.

Kwenye uwanda wa nyasi, karibu na genge la mawe lenye kina kirefu, Melkiades alisimama. "Ni hapa."

"Tangulia kijitoni, bibie," Teyo alimwambia Ximena. "Fuata njia, utakuta mahali pa kambi. Washa moto, tunakuja na kahawa."

Alipokwisha kupotea mitini, Melkiades alimnyooshea mzee kamba ya Paloma. Mzee hakuipokea.

"Funga wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Melkiades akaifunga kwenye msonobari. Teyo aliliangalia fundo. Ncha fupi, kitanzi kimelala upande; farasi akivuta mara mbili, limefunguka. Miaka kumi na mitano mikono yake ilikuwa ikiyafungua mafundo hayo na kuyafunga upya kabla kichwa hakijafikiri. Sasa ilinyanyuka, ikafika nusu ya njia. Ikapanda shingoni kwa Paloma, ikavua kengele.

"Liko sawa?" Melkiades aliuliza.

"Liko sawa."

Mlinzi alilitazama fundo, kisha akamtazama mzee. Akaegemeza bunduki kwenye jiwe, akajipapasa mfukoni.

"Nitavuta sigara kwanza. Moja tu, mzee. Siwezi kuvuta mbili."

Teyo akaanza kushuka akitikisa kengele. Nyumbu wakamfuata. Mwenye nyumbu hageuki kuhesabu wanyama wake. Huwahesabu kwa masikio, na Teyo alihesabu wanne. Kivuli kipana kilipita juu ya nyasi, kikarudi. Huko nyuma Paloma alilia, mara moja. Teyo akaitikisa kengele kwa nguvu zaidi, zaidi tena, mpaka bega likamuuma, na akashangaa kwamba linauma.

Kijitoni alisimama juu ya mawe, mahali ambapo hakuna ukwato unaopita bila kusikika. Ng'ambo, Ximena alikuwa anapuliza moto. Nyumbu wa kwanza akavuka. Wa pili. Wa tatu akasita, akavuka. Wa nne.

"Wameisha, mzee?" Ximena aliita.

Teyo alitega sikio nyuma, kwenye njia ya juu, akingoja kwato za mnyama wa tano. Alibaki juu ya mawe, ameinamisha uso, mkono ukitikisa kengele.